Dirisha la Kutokea

Kwetu Morogoro nilijifunza ufundi kwa kanuni moja: dirisha si la kuaminiwa. Unaliweka juu, unalibana, unalitia nondo, ndipo mwenye nyumba anakushukuru na kulala. Nikaja Stockholm, miaka ya themanini, na mafunzo yangu ya ujenzi yalipokwisha nikaajiriwa na mzee mmoja Mswidi aliyekuwa akitoboa kuta za nyumba za watu na kuweka madirisha makubwa chini kabisa, usawa wa majani. Nikasema moyoni, huyu baridi imemzidi.

Nyumba hizo za pembezoni mwa jiji zilikuwa na vyumba vilivyozama nusu ardhini. Wenyewe walitaka kulaza humo wageni au wapangaji, na haifai mtu alale mahali penye njia moja tu: ngazi zikishika moto, atokee dirishani. Maelezo hayo niliweza kuyakariri bila kukosea. Basi tulichimba shimo nje ya ukuta, tukakata zege kwa msumeno unaomwagiwa maji, uji wa kijivu ukatuingia hadi kwenye soksi, tukasimamisha fremu kwa pima maji, tukamwaga kokoto ili maji ya theluji yapate pa kwenda.

Mzee wangu alikuwa mtu wa maneno matano kwa siku, na mawili kati ya hayo yalikuwa "kahawa" na "kesho". Lakini alikuwa na desturi yake. Dirisha likimalizika, fundi aliyelitengeneza anaingia chumbani, mlango unafungwa kwa ufunguo, naye mzee anasimama nje kwenye majani na saa yake ya mfukoni. "Toka," anasema. Nawe utoke mwenyewe, hakuna wa kukupa mkono. Hapo ndipo kazi inapokwisha. Niliichukia desturi ile. Mwanamume mzima, baba wa mtoto, natoka dirishani kwa magoti kama mwizi wa kuku! Kila mara nilitoka nimenuna.

Nilivumilia kwa sababu moja. Mke wangu na binti yetu wa miaka minne walikuwa Morogoro, na ili wanifuate nilitakiwa kupeleka uhamiaji karatasi ya ajira ya kudumu. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Wa kuiandika karatasi ile alikuwa mzee, na sikuwaza kitu kingine usiku wala mchana.

Mwezi wa mwisho wa majaribio tulifanya kazi kwa mwalimu mstaafu, mjane, aliyetaka kupangisha chumba chake cha chini. Kila asubuhi alitushushia kahawa na maandazi yaliyonukia iliki kama ya mama yangu. Siku moja akanieleza kwamba jirani ameibiwa redio, na akalitazama kwa hofu tundu la dirisha letu. Moyo ukaniuma. Ijumaa dirisha lilikuwa tayari, mjane akaenda kwa dada yake, limebaki jaribio la Jumatatu. Jumamosi nikarudi peke yangu na nondo tano. Nikatoboa, nikazipachika kwa saruji, zikasimama wima kwa timazi. Sikutaka hata senti. Tenda wema nenda zako.

Nilipomsimulia Mganda tuliyekuwa tukiishi naye chumba kimoja mtaa wa Rinkeby, mkimbizi wa siku nyingi, alinipigia makofi.

"Hapo umefanya mzuri sana, ssebo. Kwetu Kampala dirisha bila chuma si ni mlango tu?"

Jumatatu mzee alizigusa zile nondo moja moja.

"Nani?"

"Mimi. Bure. Kwa sababu ya wezi."

Hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole kuelekea ngazini. Nikashuka, ufunguo ukazunguka nyuma yangu, na baada ya muda nikaona viatu vyake vimefika nje kwenye majani.

"Toka."

Nilizishika nondo nikazitikisa. Nilikuwa nimezipachika vizuri mno. Kwanza niliona aibu. Kisha aibu ikanitoka ikaingia hofu, maana niliiona nyumba yangu ya Morogoro. Chumba walicholala mke wangu na mtoto kilikuwa na dirisha moja, na nondo zake nilizitia mwenyewe juma alilozaliwa binti, kwa mapenzi yangu yote. Mlango walifunga kwa kufuli kwa ndani. Taa yao ilikuwa ya mafuta. Nikakaa sakafuni.

Mzee alipofungua nilijua kazi imeota mbawa, na karatasi nayo. Akanipa mashine ya kukatia vyuma.

"Mwizi anachukua redio," alisema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. "Kata."

Nikakata zote tano, nikaziba matundu, nikaingia tena, akafunga, nikatoka bila kununa. Akatazama saa yake. Kisha akauliza, "Mkeo anataka karatasi lini?"

Nililia palepale, na sioni haya kusema. Mzee yule ametangulia mbele ya haki, na nadhani sikumshukuru inavyostahili. Kiswidi changu kilikuwa kifupi, na chake pia.

Jioni ile nilimwandikia mke wangu: mwite fundi akate nondo za chumbani, usiulize. Jibu likaja: amekata, na mama yako anasema theluji imekuingia kichwani.

Walifika theluji ilipoyeyuka. Wapangaji wa kwanza wa yule mjane tulikuwa sisi. Jumapili ya kwanza mzee akaja na saa yake, bila kualikwa, akatufungia ndani sote watatu. Binti alitoka akicheka. Mke wangu akashika kiuno.

"Mimi nitambae dirishani mbele ya mzee wa watu? Na kanga hii?"

"Tambaa, mama."

"Na mimi nilidhani tumekuja Ulaya!"

Akatambaa, akilalamika mpaka juu kwenye majani. Nikamfuata.

Mzee aliinama akachungulia chumba kitupu. Kisha akatuhesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, akarudisha saa mfukoni, akaenda kwa mjane kunywa kahawa.