Neema na nyati wake ku mulango ya muji

Kichwa yangu inakataa bado. Jumatatu asubuhi ndugu zake walinipigia simu kutoka kwao Muheto: Neema hayuko tena, ugonjwa imemushinda. Niliwaambia wamekosea numéro.

Wenye hamumujue: Neema njo tulitumika naye mu secrétariat public hapa Mweso. Yeye alikuwa anapiga barua za watu ku ordinateur, mimi niko ku photocopie. Saa ya midi, client akikosekana, tulikuwa tunaingia mu jeu moja ya internet, ya mapanga na uchawi, kwenye wachezaji wa dunia nzima wanakutana.

Mimi nilikuwa na abonnement, kaka yangu mwenye kuwa Kampala njo alikuwa analipa. Neema alikuwa anacheza bure. Na mu ile jeu, muchezaji wa bure alikuwa kama mugeni asiyepewa kiti: sac ya kubebea vitu kidogo, groupe hakuna, na kinywa imefungwa. Unasoma maneno ya wengine, kuandika hapana.

Siku yake ya kwanza nilimutuma aue nyati, alete ngozi. Mimi mutoto wa Walikale, nyama ya pori nikiiona najua fasi ya kuipiga. Yeye mutoto wa wafugaji. Aliona nyati mu majani, akaweka mupanga chini, akaanza kuwagusa mumoja mumoja mpaka wote wakamufuata, juu mu ile jeu nyama ukiigusa inakufuata na hasira.

Pale ku kiti alikuwa anapiga na mluzi, kama vile baba yake. Nikamuuliza, "Dada, uko unafanya nini?"

"Saa imefika. Wanarudi nyumbani."

Akawaingiza mu muji. Yezu wangu. Wale nyati waliua muuza dawa, waliua wachezaji wapya, waliua hata farasi za watu. Matusi ikaanza kuanguka kwa luga zote. Neema anapiga clavier, anataka kuandika pardon, écran inamujibu: abonnés tu, wenye kulipa.

Na mimi mwenye kuwa na kinywa, nilinyamaza. Niliogopa watanihesabu pamoja naye.

Aligeuka akaniangalia. "Mimi wamenifunga kinywa. Wewe nani alikufunga?"

Niliona haya mpaka jioni, na franchement, ile haya haijaisha.

Hapo njo vita yake ilianza. Forum, kwenye wachezaji wanatoa malalamiko, nayo ilikuwa ya abonnés, lakini Neema aligundua mulango moja. Ukifuta muchezaji wako, ule mutu unamuongoza mu jeu, wenye jeu wanakuuliza sababu ya kuondoka, na wanakupa fasi ya kuandika. Akamufuta muchezaji wake. Akaandika barua kamili, vile tunaandikia administrateur wa territoire: tarehe, "Concerne: kinywa ya wachezaji wa bure", na chini kabisa "Transmis copie pour information" kwa chef wetu wa quartier. Chef alipokea copie yake kweli. Aliipiga cachet, muhuri ya quartier, akauliza kama hao wachezaji wanakaa avenue gani.

Kesho yake Neema akaanza tena kutoka zéro. Akapanda cheo, akapata mupanga muzuri, akafuta, barua ya pili. Kila barua ilikuwa inakula kazi yake yote. Nilimusihi aache.

"Shida yako wewe unapenda mupanga," aliniambia.

Barua ya tano naikumbuka, juu mimi njo nilitoa photocopie. Aliandika: "Kwetu Masisi, mutu asiye na ng'ombe anakunywa maziwa ya jirani, na yeye anasaidia kuchunga. Hatumuambie anyamaze. Akichunga vizuri anapewa ndama, na siku moja yeye pia anakuwa na ng'ombe. Ninyi munawanyima watu maziwa, halafu munashangaa vile wanaondoka."

Alikuwa anaomba vitu vya akili tu: waongee mu muji, waingie mu groupe, sac iwe ya kutosha. Na mwenye kutumika sana mule mu jeu, apate abonnement kwa jasho yake.

Ikawa kimya ya miezi. Nilimucheka, naungama.

Siku moja mail ikaingia ku adresse ya secrétariat. Kifaransa safi: "Madame, tumesoma sababu zako zote za kuondoka." Na mise à jour ikafuata, jeu ikabadilika. Kinywa, groupe, sac. Hata ndama wake aliingia: ukitumika, unapata abonnement yako mwenyewe.

Ile siku patron wetu alifunga mulango saa sita kamili, tufanye feti. Mama moja client alitoa fromage mu kitunga yake, tukaikula na ndizi, na chef wa quartier akaja na ile copie yenye cachet, akisema alijua tangu mwanzo. Neema hakukaa hata kukula. Alikuwa ku clavier, anaandika neno lake la kwanza mu ile jeu:

"Pardon juu ya nyati."

Mutu moja akajibu, "Kumbe ni wewe?" Walicheka mpaka wakamufanya chef wa groupe yao.

Jana, kisha kumuzika, nilifungua jeu peke yangu. Groupe yake, yenye nilikuwa nimeandikia habari, ilikuwa inaningojea. Nilifikiri tutasimama kimya kidogo halafu kila mutu aende. Hapana. Walipanda ku majani, abonnés na watu wa bure, kila mutu akagusa nyati wake, hakuna aliyetoa mupanga. Tukawashusha polepole mpaka ku mulango ya muji.

Maneno ilikuwa inapita mbio ku écran, mingi ya watu wa bure, luga zingine sizijue. Jina yake njo nilikuwa naisoma kila fasi.

Na mimi nikaandika. "Ile siku ya nyati nilikuwa pale. Neema alitaka kuomba pardon, mimi nilikuwa na kinywa na sikumusemea. Munisamehe."

Umeshinda, dada. Pumzika pale Muheto, karibu na ng'ombe za baba yako. Lala bila wasiwasi: nyati wote wamerudi nyumbani, na hakuna mwenye kinywa imefungwa.