Mama mukwe aliniona napima hewa ya beto

Ndugu zangu, leo mama mukwe alinikuta nikipika kazini.

Sikuwa napika!

Tulikuwa bandarini, tunamwaga beto, ile zege ya simenti, ya gati mupya. Mubelgiji wetu, mukubwa wa kazi, akanituma nipime hewa iliyo ndani yake ingali mbichi.
Nikachuchumaa. Nikajaza beto ndani ya chungu cha chuma, nikaitwanga na fimbo, nikafunga kifuniko.
Kikapiga pssss.

Kuinua macho, mama mukwe amesimama njiani, kikapu kichwani.
Munajua kwetu mukwe hamusogelei mama mukwe. Ningemueleza namna gani? Na beto haingoji. Nikainamisha kichwa tu.
Akaondoka mbio.

Saa sita muke wangu akafika, amenuna, amebeba wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki ya kushibisha bandari nzima.
"Mama anasema mimi sikupikii!"
"Haki ya Mungu, ile haikuwa chakula. Nilikuwa napima hewa."

Nyuma ya mifuko ya simenti mutu akakohoa. Njo yeye mama mukwe, ametupa mugongo kwa heshima.
"Mwambie mukwe wangu hewa haishibishi. Akule."

Tulikula wote, mpaka Mubelgiji.

Municheke tu. Lakini musimwambie muke wangu: kesho napima palepale, karibu na njia.