Jina Langu kwa Herufi Kubwa

Kwa miaka kumi na miwili kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi huko Iringa aliyeitwa kwa jina langu. Alilitumia kuandikia maazimio ya kazi, kusainia mahudhurio, na nadhani hata kubatizia mtoto. Hapa silitaji. Limeshatumika vya kutosha.

Nilizaliwa Kilema, kwenye kihamba cha babu, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Baba alipofariki jirani yetu wa karibu akawa baba mdogo, ambaye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa na binti tuliyelingana naye umri. Tulisoma naye shule moja toka darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, na kwa kuwa tulifanana pua na paji la uso, masista waliotufundisha walizoea kutuchanganya. Matokeo ya kidato cha nne hayakutuchanganya. Mimi nilipata daraja la pili, yeye akapata sifuri.

Nilikuwa nimeomba chuo cha ualimu. Nilitaka ualimu vile wengine wanavyotaka kuolewa. Nikipalilia kahawa nilikuwa nafundisha migomba kugawanya kwa njia ndefu, na mama akinisikia anacheka mpaka anakaa chini.

Siku hizo kijiji kizima kilikuwa na sanduku moja la posta, sanduku la chama cha msingi cha kahawa, na karani wa chama alikuwa baba mdogo. Kila Jumatano alishuka Moshi na ufunguo mfukoni, akarudi jioni na barua ndani ya mfuko wa kaki. Tulimsubiri kwenye ngazi za ghala. Alisimama juu, akavaa miwani, akasoma majina moja moja kwa sauti ya kanisani. Aliyesomwa alipanda kuchukua barua yake, asiyesomwa alirudi nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa posta yetu na hakuna aliyeiona ina kasoro.

Nilikaa kwenye zile ngazi Jumatano tisa. Ya tisa aliniita pembeni.

"Mwanangu, nipe cheti chako na namba yako ya mtihani. Nitakwenda mkoani mwenyewe kukufuatilia."

Nilimpa kwa mikono miwili. Nikamshukuru, na mama akampelekea mkungu wa ndizi kwa uchungu aliokuwa nao kwa yatima wa kaka yake.

Wiki mbili baadaye binti yake aliondoka. Tuliambiwa anakwenda Iringa kwa shangazi kujifunza ushonaji. Mimi ndiye niliyembebea sanduku la bati kichwani mpaka barabarani, na lilikuwa zito, nikamtania kwamba amebeba cherehani nzima. Hakucheka. Nilikuja kujua baadaye kwamba ndani ya sanduku lile kulikuwa na barua yangu ya kuchaguliwa chuo, pamoja na cheti changu, ambacho baba mdogo aliniambia kimepotelea ofisi za mkoa.

Basi nikabaki. Nilichuma kahawa, nikamenya kahawa, nikaanika kahawa. Ikaja ruksa ya biashara huria, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, bei ikapanda kidogo kisha ikaanguka chali, na watu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Ghala la chama likafungwa. Baba mdogo alibaki na ufunguo wa sanduku la posta akauning'iniza ukutani, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu.

Mimi nikashuka mjini. Nilipanga chumba Njoro, nikauza mitumba, na mwishowe nikapata kazi ya kufagia kwenye chuo kimoja cha watu binafsi kilichofunguliwa ndani ya lililokuwa ghala la mbolea. Miaka ile vyuo viliota mjini kila penye bati na choo. Siku moja karani wa udahili aliumwa, mkuu wa chuo akanikuta nawasaidia waombaji kujaza fomu, na kesho yake nikawekwa dirishani. Nikakaa hapo.

Dirishani niliona mengi. Mwezi wa kwanza walijaa, wamevaa viatu vipya, mzazi nyuma amebeba godoro. Kufikia Pasaka nusu walikuwa wametoweka, wengine kwa ada, wengine kwa mimba, wengine kwa sababu Kiingereza cha darasani kilikuwa mlima mwingine na huu hauna wapagazi. Walikuja kuaga kwangu maana mimi ndiye niliyewapokea. Niliwaonea huruma. Lakini nilikuwa na wivu pia, nasema ukweli, kwa sababu hata aliyeshindwa alikuwa ameingia.

Ndipo nikaamua kuomba tena. Ualimu, masomo ya jioni, palepale chuoni kwetu. Niliandika wizarani kwa anwani ya chuo kuomba nakala ya matokeo yangu, nikaambatanisha namba ya mtihani, nikasubiri. Jibu lilikuja kwa mkuu wa chuo, si kwangu. Liliandikwa kwamba mwenye jina na namba hiyo amekwishahitimu ualimu na yuko kazini Iringa, hivyo huyo mwombaji wenu achunguzwe.

Mkuu wa chuo aliisoma mara mbili, akanitazama juu ya miwani. "Mama, wewe ni nani hasa?"

Kwa makaratasi, mwizi nilikuwa mimi. Alinipa mwezi mmoja nilete uthibitisho, la sivyo sitapata chuo na dirisha nitaliacha. Nilitoka nikakaa kwenye tangi la maji nyuma ya jiko. Sikulia. Nilikuwa nahesabu zile Jumatano.

Jumapili ile nilipanda Kilema. Nilimkuta baba mdogo anapogoa migomba.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nikamwuliza. Akasema hajui lolote, mambo ya Iringa wayajue wa Iringa. Nikarudi mjini, nikamwandikia barua yule mwalimu kwa anwani ya shule iliyotajwa kwenye jibu. Niliandika mistari miwili tu, kwamba nimejua na kwamba nakuja. Nikatia sahihi kwa jina letu.

Haikupita wiki tatu, baba mdogo akaja na isale.

Niseme kidogo kwa asiyejua. Isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi ya wazee. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, hukatai. Unaweza kuwa umeapa kumuua, lakini ukiona isale unalipokea na yanakwisha. Naye anayelileta hafichi kitu. Anakuja na watu, anasema kosa lake kwa sauti, wote wasikie, ndipo anakukabidhi.

Alikuja nyumbani kwa mama siku ya Jumapili, baada ya misa. Alikuja na wazee wawili wa ukoo na balozi wa nyumba kumi, na mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye ndoo. Alipiga goti, mtu wa umri wake, akasema amenikosea kwa ajili ya mtoto wake.

Hapo ndipo akili ilinijia. Sikuipanga kabla, lakini ilipokuja sikuifukuza.

"Sema vizuri, baba mdogo," nikamwambia. "Wazee wasikie. Barua ilikuja lini?"

Akasema ilikuja Jumatano ya nane.

"Na cheti changu ulimpa nani?"

Akasema. Nikamwuliza chuo gani, akasema. Nikamwuliza shule anayofundisha, kwa jina la nani, akasema yote, tena kwa mpangilio, maana alikuwa karani na ukarani haumtoki mtu. Aliamini anatua mzigo. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwa huruma. Nikapokea isale, nikanywa mbege niliyopewa, mama akalia kwa furaha, tukala.

Jumatatu niliyapiga yote chapa kwenye mashine ya chuo. Jumanne nikapanda tena na karatasi, nikaenda moja kwa moja kwa balozi.

Aliisoma kwa kidole. "Mwanangu, isale umelipokea. Yamekwisha haya."

"Nimemsamehe, mzee. Lakini uliyasikia, hukuyasikia?"

Alikuwa mtu wa kanisa, msoma masomo ya Jumapili. Aliisoma tena toka juu. Mwishowe akasema aliyasikia, akatia sahihi, akagonga mhuri, akanirudishia karatasi bila kunitazama.

Nilijua ninavunja nini. Mama alininyamazia mwaka mzima, na wazee wale mpaka leo nikiwaamkia wanaitikia kwa mdomo tu. Wanasema nililigeuza isale kuwa mtego. Ni kweli, nililigeuza. Baba mdogo aliligeuza sanduku la posta la kijiji kizima na hakuna aliyemnyima salamu.

Mkuu wa chuo aliituma karatasi wizarani, na binti yake akaachishwa kazi muhula uleule. Namba yangu ikarudi kwangu, nikaanza masomo ya jioni, mchana niko dirishani, usiku najifunza kuandaa somo. Ningeweza kuishia hapo na kusema moyo ulitulia. Haukutulia. Nilikuwa nataka kumwona.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho, msimu wa udahili, foleni imefika getini. Alikuwa amerudia mtihani wa kidato cha nne kwa jina lake kama mtahiniwa wa kujitegemea, amefaulu, na chuo chetu ndicho pekee cha karibu kilichopokea watu wa umri wetu. Alikuwa amenenepa usoni na kukonda mikononi. Alishika bahasha kifuani.

"Habari za siku nyingi, ndugu yangu," akasema.

"Nzuri. Picha zako zina rangi ya bluu nyuma. Tunataka nyeupe."

Bluu tulikuwa tunapokea. Alikwenda, akarudi kesho yake na picha nyeupe. Nikamwambia nakala ya cheti cha kuzaliwa haina mhuri wa wakili. Alikwenda. Alirudi siku ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya udahili, na makaratasi yote yalikuwa sawa, nikayapekua mara mbili kwa matumaini.

Akainama kwenye dirisha, akasema kwa sauti ya chini, "Nilifundisha vizuri. Nataka tu ujue hivyo. Watoto wangu wa darasa la saba walikuwa wanafaulu."

"Kwa makaratasi ni wangu," nikamwambia.

 Nikamsukumia fomu na kalamu.

"Jaza hapahapa, mbele yangu. Jina kamili, herufi kubwa."

Akaandika haraka, bila kufikiri, kwa mkono wa mtu aliyesaini daftari la mahudhurio kila asubuhi miaka kumi na miwili. Kisha mkono ukasimama. Aliitazama karatasi, na kiganja chake kikaenda polepole kufunika alichoandika.

Nilikiondoa kile kiganja, nikaigeuza fomu upande wangu. Lilikuwa jina langu, majina yote matatu, la kwangu, la baba na la babu. Alikuwa na mwandiko mzuri wa ubaoni, mzuri kuliko wangu.

"Nisamehe," akasema. "Mkono umezoea."

Machozi yalikuwa yanamtoka na nyuma yake watu walikuwa wanasogea kuangalia. Ningeweza kumpa fomu nyingine, zilikuwa rundo zima kwenye droo, usawa wa goti langu. Niliikunja ile yake mara nne nikaitia mkobani, na ninayo mpaka leo.

"Fomu yenye kosa haipokelewi," nikamwambia. "Nyingine zinauzwa ofisi ya mhasibu. Ukirudi, foleni inaanzia getini."