Waya Uliolala Uani

Kabla mvua haijafika Bagara, harufu yake hutangulia: vumbi jekundu lililolowa mahali pengine, majani ya mahindi, na moshi wa kuni unaoelemewa na unyevu. Niliipenda harufu hiyo mpaka masika nilipokuwa na miaka tisa. Dalili ya mvua ni mawingu, na alasiri ile ya Jumamosi yalishuka kutoka Mlima Kwaraa yakiwa meusi kama masizi ya sufuria. Mama alikuwa sokoni akiuza vitunguu, baba alikuwa Mbulu shambani kwa babu. Nyumbani tulibaki mimi na mdogo wangu Fausta, mtoto wa miaka minne.

Upepo ndio uliotangulia. Uliingia chini ya mabati ukayainua na kuyapigiza, nikasikia misumari iking'oka mmoja mmoja. Nilimvuta Fausta tukajibanza chini ya meza nzito ya chakula. Paa lilipoondoka sikulisikia, maana ngurumo na mvua ya mawe vilimeza kila sauti. Nakumbuka tu kwamba ghafla chumba kilikuwa na mwanga, na mawe ya barafu yalikuwa yakidunda sakafuni. Fausta aliniuma bega kwa hofu. Sikuhisi maumivu mpaka kesho yake.

Mvua ilipopungua nilichungulia nje. Ua ulikuwa umejaa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Nguzo ya umeme kando ya uzio ilikuwa imeinama, na waya mmoja ulikuwa umekatika ukalala majini, kati ya mlango wetu na geti. Sikuutilia maanani. Nilitaka kukimbilia kwa Baba Zuhura, jirani yetu mwenye duka, na nilikuwa nimeshamshika Fausta mkono, wakati kuku wetu mmoja alipotoka bandani akayakanyaga maji karibu na waya. Alijikunja, akalala upande. Hakulia wala hakupiga mabawa. Nilimvuta Fausta, nikarudi naye ndani. Lakini ndani nako ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa wa kuingia kiganja, na vipande vya tofali vilikuwa vikidondoka. Nikasimama pale kizingitini nimembeba mdogo wangu, mbele kifo na nyuma kifo.

Ndipo mama akatokea getini, amelowa, kiatu kimoja mguuni. Alipotuona aliinua khanga yake ili avuke.

"Mama, usije," nilimwambia.

"Regina, nyamaza, nakuja kuwatoa."

"Kuku amekufa ndani ya hayo maji. Waya huo. Mama, ukikanyaga utakufa na wewe."

Mguu wake ulikuwa umeshainuliwa. Ulibaki hewani kidogo, kisha akaurudisha nyuma polepole. Aliutazama waya, akamtazama kuku, akaanza kutetemeka mwili mzima. Sikuwahi kumwona mama akitetemeka, na hilo lilinitisha kuliko paa lililong'oka.

Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Baba Zuhura alikuja mbio na simu yake, wakati ule simu pekee katika njia yetu, akawapigia watu wa umeme, kisha mwenyekiti wa mtaa. Alisimama njiani akiwazuia wapita njia waliotaka kuja kutusaidia. "Mama Regina, haraka haraka haina baraka," alimwambia mama. "Wazime umeme kwanza. Waongeleshe watoto wasitoke hapo."

Basi mama alichuchumaa ng'ambo ya maji akaanza kutuongelesha kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani. Alituambia tukae chini ya fremu ya mlango, mbali na ukuta wenye ufa, nimfunike Fausta kwa sketi yangu, tusali Salamu Maria. Tulisali mpaka maneno yakapoteza maana. Kipande kikubwa cha ukuta kilianguka nyuma yetu, vumbi likatupiga mgongoni, Fausta akataka kukimbilia kwa mama. Nilimshika nywele. Alilia, sikumwachia.

Mafundi walikuja jua likielekea kuzama. Walikwenda kuzima kwenye transfoma, wakapima, wakaukata waya na kuuviringisha. Hata waliposema ni salama, mama hakuwaamini. Aliyagusa maji kwa kidole cha mguu, macho ameyafumba, kisha akaja mbio. Juma zima tulilala kwa Baba Zuhura, na mkewe alitupikia uji kila asubuhi.

Leo naishi Nakwa, nyumba yangu ina mkanda wa zege juu ya kuta na paa lililofungwa kwa nondo. Onyo la mvua kubwa hunifikia kwenye simu kabla wingu halijaonekana, na wanangu wanajua namba ya kupiga. Hata hivyo, upepo ukigusa mabati nikiwa kazini, huacha ninachofanya nikapiga simu nyumbani. Majuzi nilimuuliza mama kwa nini siku ile alinisikiliza, mtoto wa miaka tisa. "Hukuwahi kunikataza kitu," alisema. "Nikajua umeona nisichokiona." Tangu hapo mwanangu akiniambia "Mama, ngoja," nasimama kwanza, ndipo namuuliza kwa nini.