Nyumba ya Vestine Mlimani

Ukimuulizia Vestine hapa Jules Street, Johannesburg, watu watakwambia nenda mpaka robot ya pili, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, utamwona mwanamke mwembamba kwenye cherehani mbele ya duka la simu. Halafu wataongeza kwamba ni mtu mzuri sana. Hapo ndipo mimi hutazama pembeni. Mwaka mzima nimemtafutia kasoro mwanamke yule, na mimi ni mtu wa Tanga, kusema watu sikufundishwa na mtu, lakini nimekosa. Hagombani na mtu. Haingii kwa watu bila kualikwa. Ni Msabato: hali nguruwe, hagusi pombe, hata chai ya majani hanywi! Sasa mtu asiyekunywa hata chai utamsengenya kwa lipi?

Mimi naitwa Mwatumu. Nauza chakula jirani na cherehani yake: chapati na maharage kila siku, Ijumaa pilau. Mume wangu Luqman ni dereva wa malori, leo yuko Lusaka, kesho Lubumbashi, nyumbani anapita kubadilisha nguo. Kwa hiyo binti yetu Yasmin, mwenye miaka tisa, nilimhesabu kuwa wangu peke yangu.

Maisha ya Vestine amenisimulia mwenyewe, vipande vipande, huku akipunguza suruali za watu. Alizaliwa Burundi, kwenye milima ya Bururi, katika boma la ng'ombe la baba yake. Vita vilipokuja alikuwa bado binti wa shule. Wakavuka kwa miguu mpaka Kigoma, wakaingizwa kambini, na kambini ndiko alikokulia. Kiswahili alikijulia kwenye foleni ya maji. Aliolewa kulekule, akazaa mtoto mmoja, Alexis, akazika mume kulekule. Kambi ilipofungwa akarudishwa kwao, akakuta shamba la baba yake lina wenyewe wengine. Hakupigana nao. Alimwacha Alexis kwa dada yake Gitega, akashuka mpaka huku na mkoba mmoja, akapanga chumba cha uani hapa Malvern. Tangu atoke kwao hajawahi kulala mahali ambapo mtu hawezi kumwambia ondoka. Alexis sasa ni kijana mkubwa, anasomea ualimu, humpigia mama yake simu kila Jumapili. Hapa hakuna anayemjua Alexis, ndiyo maana sote tunamwita mama wa watu Vestine tu.

Ubaya ulianza kwa wema. Jumamosi ndiyo siku yangu kubwa ya biashara, na Yasmin alikuwa anashinda kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko, amenuna na simu yake. Vestine akaniambia, "Mama Yasmin, mimi siku ya Sabato sishoni. Uniachie mtoto." Nikamshukuru. Nikamfungia na chapati za moto. Lo, eti nilikuwa nashukuru!

Wasabato wana desturi yao. Wakitoka kanisani na kula pamoja, mchana wanatoka kwenda kutazama uumbaji wa Mungu. Kombi ya kanisa inawapeleka vilimani, kusini ya jiji, Klipriviersberg, mahali penye kijito na pundamilia na nyumbu. Na huko juu kuna kijiji cha mawe, cha Watswana wa zamani za kale, walioishi hapo kabla hajatokea mtu wa kuchimba dhahabu wala wa kupaita mahali hapa Johannesburg. Zimebaki kuta tu, duara kwa duara. Yasmin akawa anakwenda huko kila Jumamosi.

Sasa lazima niseme habari ya lugha. Yasmin amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ukimteta anajua unamteta, ila jibu linakuja kwa Kiingereza. Nimebembeleza, nimefoka, wapi! Nikimpigia bibi yake simu Tanga, mtoto anasema "hello" kisha ananirudishia, na mama yangu ananiuliza kama nalea mtoto au mgeni wa hoteli. Basi jioni moja anarudi kutoka mlimani, viatu vimejaa vumbi, ananiambia, "Mama, leo tumeona pundamilia. Iko na mtoto."

Mwiko ulinitoka mkononi. Kiswahili! Kinywani mwa mwanangu! Halafu furaha ikakatika katikati, kwa sababu sauti ile haikuwa yangu. "Iko na mtoto," ndivyo anavyosema Vestine, kile Kiswahili chake cha kambini, na mwisho wa neno aliuvuta kama yeye. Mimi nimebeba mimba, nimembembeleza usiku kwa nyimbo za kwetu, mtoto amekataa. Mwanamke mwingine amemtembeza mlimani Jumamosi chache tu, amekubali. Nikaona wivu. Sitafuti jina jingine.

Kuanzia siku ile masikio yangu hayakusikia kitu ila tantine, ndivyo alivyomwita Vestine, kwa Kifaransa. Tantine anasema nungunungu analala mchana. Tantine anajua kupuliza jani likalia. Tantine, tantine, tantine! Tanga tuna shangazi, tuna mama mdogo, hiyo tantine imeingiaje nyumbani kwangu? Nikaanza kumpelekea Vestine zile chapati zilizoungua upande. Akawa anazila na kusema ahsante, na mimi nikazidi kuchemka.

Siku moja nilikuwa namsuka Yasmin, akasema, "Mama, usibane sana. Jumamosi nataka nilale vizuri kule kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Mlimani. Tuna nyumba."

"Nyinyi nani?"

"Mimi na tantine."

Nilivuta nywele mpaka mtoto akapiga kelele.

Jumamosi ile nilifunga biashara. Watu wa Malvern walidhani nimefiwa. Nilipika pilau ya nyama, vitunguu nikavikaanga mpaka jirani wa juu akachungulia dirishani, nikaipakia kwenye hotpot kubwa, ile ya shughuli. Nikavaa dera jipya na viatu vya shanga. Nia yangu ilikuwa moja: mtoto ale pilau ya mama yake hukohuko kwenye hiyo nyumba yao, akumbuke kwao ni wapi.

Kombi ilipofika kutoka kanisani, Yasmin yumo ndani, Vestine alishuka akanikumbatia. "Mama Yasmin! Unakuja na sisi? Mungu asifiwe!" Na alikuwa anafurahi kweli, si unafiki, ndicho kilichoniudhi zaidi. Nikasema nimeleta chakula. Wasabato wakacheka kwa upole, wakasema wametoka kula sasa hivi, wameshiba mpaka kooni. Nikamgeukia mwanangu. "Nimeshiba, Mama," akanijibu, kisha akajibana kando ya Vestine kwenye kiti cha nyuma. Safari nzima hotpot iliniunguza mapaja.

Sitasema uongo, mahali pale ni pazuri. Kijito kinapita chini ya miti, nyasi zinakufika kiunoni, nyumbu wanasimama wanakutazama kama wenye nyumba. Mimi kwetu milima niliiona kwa mbali, kutoka kwenye dirisha la basi. Kuipanda, na viatu vya shanga, ilikuwa mara ya kwanza. Wenzetu wa kanisani walibaki kijitoni wakiimba. Sisi watatu tukapanda. Yasmin alitangulia, mkono wake ndani ya mkono wa Vestine, na mimi nyuma nahema nimekumbatia hotpot. Vestine akageuka. "Mama Yasmin, nipe nibebe kichwani, mimi niko nimezoea."

"Sitaki."

"Jua ni kali."

"Nimesema sitaki, mwenzangu!"

Tukafika. Kuta za mawe, zingine zinafika magotini, zingine kiunoni, zimepangwa bila udongo wala saruji na bado zimesimama. Duara hili limegusana na lile, na kila moja lina mwanya mwembamba wa mlango. Kwa mbali ukitazama kaskazini unaliona jiji zima, na Ponte lile jengo la mviringo limesimama katikati. Yasmin akawa mwenyeji wangu. Hapa walilaza ng'ombe, Mama. Hapa walisaga mtama, tia mkono uone jiwe lilivyolika. Alisema yote kwa Kiswahili, bila mimi kumbembeleza, na nilishindwa kufurahi.

Kisha akakimbia mpaka kwenye duara moja lililokuwa safi, halina jani, akaingia mbio akajitupa chini chali. "Hapa ndiyo kwetu!"

Vestine alivua viatu mlangoni, akakaa ndani akaegemea ukuta. Akafumba macho. "Kwetu Bururi mlango ulitazama hivihivi," akasema. "Mama alikaa pale. Jiko lilikuwa hapa. Ukuta wetu ulikuwa wa miti, si mawe, lakini ilikuwa duara kama hii." Sijapata kumwona amelegea namna ile. Kwenye cherehani hukaa kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Nikamwonea huruma, na huruma ile nayo ikaniudhi.

Nikauliza, kwa sauti ya mchezo, "Na nyumba yangu mimi iko wapi?"

Yasmin akafikiri. Hakuwa na ubaya wowote. "Wewe uko sokoni, Mama. Unauza."

"Soko gani?"

Akanyoosha kidole juu ya ukuta, kwenye lile jiji zima. "Kule."

Yarabi. Miaka yote hii nimesimama kwenye moshi kwa ajili ya nani? Vestine alifumbua macho upesi. "Mama Yasmin, ni mchezo wa mtoto tu." Nilijua nikifungua kinywa nitatukana, na ile ilikuwa Sabato yake.

Nikachukua hotpot yangu, nikavuka kwenye duara la pili. Limejaa magugu na kishonanguo. Nikaanza kung'oa. Vile vijiti vyake vikanishika dera zima, kuanzia pindo mpaka kifuani, na mimi nang'oa tu.

"Mama, usihamishe mawe, hairuhusiwi!" Yasmin akapaza sauti kutoka kwao.

"Sihamishi mawe! Nafagia kwangu!"

Nilipopata mahali pa kukaa, nikakaa, hotpot mbele yangu, viganja vinawaka. Peke yangu, mwanamke mzima, ndani ya nyumba ya watu waliokufa zamani, nashindana na fundi cherehani. Nikalia kidogo, bila sauti. Upande wa pili nikamsikia Vestine anasema polepole, "Nenda kwa mama yako." Hata hilo liliniuma. Ananitumia mtoto wangu kama mtu anayemtumia jirani sukari.

Hatua zikaja, zikasimama kwenye mwanya wa mlango.

"Hodi," akasema Yasmin.

Jamani! Hodi! Mwanangu wa kumzaa amesimama mlangoni ananipigia hodi. Kwa Vestine ameingia mbio, amejitupa chini, hakuna aliyemuuliza. Kwangu mimi amekuja mgeni, na adabu zake zote, zile nilizomfundisha mwenyewe. Neno "karibu" lilinifika ulimini kwa mazoea. Nikalimeza.

"Yasmin, mtu anapiga hodi kwao?"

Akanitazama. Akayaona macho yangu.

"Toka," nikamwambia. "Toka, halafu ingia tena."

Akarudi nyuma. Akasimama kati ya zile nyumba mbili, akageuza shingo kumtafuta Vestine. Na mimi nikamtafuta. Vestine alikuwa ametugeuzia mgongo, anafunga viatu vyake, hatutazami kabisa, na kufunga viatu kule kulichukua muda mrefu kuliko viatu vyenyewe. Mtoto akirudi kule, nilijiambia, sijui nitashuka mlima huu kwa uso gani.

Yasmin akaingia. Alinikanyaga dera, akakaa akaniegemea mguu, akavuta hotpot akaifunua bila kuniomba. Akachovya mkono. Hakuwa amenawa, mkono ule ulikuwa umeshika mawe na vumbi la mlima mzima, na mimi nisiyeruhusu mtu aguse sufuria yangu nikamwachia.

"Iko na moto bado," akasema, mdomo umejaa, kwa kile Kiswahili cha Vestine.

"Kula, mama," nikamwambia.

Tukala. Akaanza kunitoa vijiti vya kishonanguo kwenye dera, kimoja kimoja, akiviweka juu ya jiwe. Chini kijitoni Wasabato walikuwa wameshika wimbo mwingine. Kisha nikaona kivuli kwenye mwanya wa mlango, na sauti ya polepole ikasema, "Hodi hapa."

Nilimsikia vizuri sana. Nilichagua mnofu mzuri, nikaupuliza, nikamlisha mwanangu, nikamfuta mdomo kwa ncha ya mtandio. Ndipo nikasema, "Karibu, Mama Alexis."