Blanketi la Mkunga

Mama yangu amezalisha wanawake wa Jego kwa miaka arobaini. Afisa wa wadi alipoita mkutano wa wazee, nilimsindikiza. Mama alisimama kutoa shauri moja: awafundishe wauguzi wapya wa zahanati namna ya kumtuliza mwanamke mwenye uchungu.

Yule afisa, aliyezaliwa mikononi mwake, hakumpa hata shikamoo.

"Bibi, wewe pumzika. Tumewaletea mablanketi."

Mablanketi, kwa joto hili la pwani. Watu wake wakampiga Mama picha amelikumbatia moja.

Mama akalirudisha mezani. "Mwanangu, mimi sisikii baridi. Nilikuja kutoa nilicho nacho."

Afisa akamwita mzee mwingine. Nilitaka kumtukana, Mama akanishika mkono, tukatoka.

Siku hizi wauguzi wawili humjia uani wenyewe, bila kutumwa na mtu. Mimi hasira haijanitoka.