Nyasi za Bonde la Kasense

Kule Kasense, bonde la nyasi za kuezekea lilikuwa letu sote. Hakuna aliyekata kabla ya siku iliyopangwa, na siku hiyo tulianza na nyasi za nyumba za wajane. Biashara huria ilipoingia, akaja tajiri mmoja akitaka kulinunua alime ngano. Mimi, niliyejifanya mjuaji wa mabati, nilisimama mkutano wa kijiji nikasema tuuze, tuezeke kwa bati.

Mama hata hakunyanyuka. Aliniuliza tu, "Na bibi jirani, nyumba yake tutaiezeka kwa nyasi zipi?"

Nikakaa. Bonde halikuuzwa.

Kwa mama, chini ya paa la nyasi, mvua ilinyesha na mazungumzo yakaendelea. Leo nina nyumba yangu ya bati mjini. Mvua ikianza, mimi na mke wangu tunatazamana tu; kwa kelele za bati hatusikiani.